Ukikutana na sanamu ya Kirumi, anza miguuni

Watu wengi wakisimama mbele ya mwanamume wa marumaru wa Kirumi hukimbilia uso. Mimi huanza chini, kwenye kile kisiki cha mti kilichoshikamana na mguu. Usikidharau, kinakuambia sanamu imetoka wapi.

Mchukue Mbeba Mkuki, sanamu ya marumaru iliyofukuliwa Pompeii, mji wa kale wa Kirumi huko Italia, ambayo sasa iko makumbusho ya Naples, kimo mita 2.12. Hiyo ni nakala. Sanamu ya asili ilisubiwa na Mgiriki Polykleitos kwa shaba nyeusi, karibu mwaka 440 KK. Shaba ile ina uvungu ndani na ni ngumu kuvunjika, kwa hiyo vifundo viwili vya miguu vilitosha kuubeba mwili. Marumaru ni nzito na hukatika. Fundi wa Kirumi aliyenakili akaacha kisiki nyuma ya mguu wa kulia, na kipande cha jiwe kati ya mkono na paja. Ukiviona hivyo, vifute kichwani, utaiona shaba ya Mgiriki.

Halafu simama kama yeye, hata watu wakikutazama. Mguu wa kulia ubebe uzito wote. Wa kushoto urudishe nyuma mpaka kisigino kiinuke. Utasikia nyonga ya kulia inapanda. Shusha bega la upande huohuo. Mkono wa kulia uuache uning'inie, wa kushoto ukunje kana kwamba mkuki umelala begani. Upande mmoja, mguu uliokaza umekaa na mkono uliolegea. Upande wa pili, kinyume chake. Mstari wa katikati ya kifua na tumbo unapinda taratibu kufuata mvutano huo. Uzuri wote uko hapo, na hakuna maelezo yanayoufikisha kama mwili wako mwenyewe.

Ukishaujua mkao huo, nenda Vatican kwa Kaisari Augustus aliyepatikana Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863. Miguu ni ileile! Mkono wa kulia tu umeinuliwa kuhutubia, na mahali pa kisiki pana Kupido, mungu mdogo wa mapenzi, juu ya pomboo.

Kichwa kiangalie mwisho, kwa tahadhari. Huenda kilibandikwa baadaye. Kuna nakala mbili za sanamu moja ya Kigiriki, Mrusha Kisahani. Ile iitwayo ya Townley, iliyoko London, ilibandikwa kichwa kinachotazama chini. Ile ya makumbusho ya Palazzo Massimo, Roma, inageuka kukitazama kisahani chake, na ndivyo inavyopaswa.

Usiondoke kabla ya kuzunguka nyuma. Mgongo wa Augustus haukumaliziwa. Yaelekea aliwekwa mgongo ukielekea ukutani.