Una B minus na wataka udaktari Marekani? Chagua koleji namna hii

Matokeo ya KCSE, mtihani wa fomu foo, yakitoka tu huku Mombasa swali hili halikosi: nimepata B minus, wengine C plus, nataka udaktari, je Marekani yawezekana? Yawezekana, ila wengi waanza kubaya. Mtu aingia Google aandika koleji bora za udaktari, aletewa Harvard na Johns Hopkins, akiona alama zinazotakikana azima simu alale. Hiyo listi si yako kwa sasa. Wewe watafuta pahali pa kusoma miaka minne ya kwanza utoke na alama za juu, basi.

Elewa mfumo wao kwanza. Hapa kwetu mtu atoka fomu foo aingia digrii ya udaktari, MBChB, moja kwa moja, na sharti la chini ni B plain na B kwenye masomo yenyewe ya sayansi, na zile nafasi za serikali wallahi zabebwa na wenye A na A minus. Kule lazima umalize digrii ya kwanza, kawaida miaka minne, ndio uombe skuli ya udaktari, nayo miaka minne tena, halafu mafunzo hospitalini miaka mitatu mpaka saba kulingana na ubingwa unaoutaka. Primedi, yaani kujiandaa kuomba udaktari, yenyewe si kozi. Waweza kusomea biolojia, hesabu, hata historia, mradi upite biolojia, kemia, kemia ya kaboni (organic chemistry), fizikia pamoja na maabara zake, na skuli nyingi sasa zataka na biokemia.

Na hapa ndipo penye nafuu yako: skuli ya udaktari haitashughulika na KCSE yako, itaangalia GPA, wastani wa gredi zako za koleji, na MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari unaohesabiwa kutoka 472 mpaka 528. Wanaochukuliwa skuli za MD (ndiyo digrii yao ya kawaida ya udaktari) wastani wao wa GPA ni kama 3.7 au 3.8 kwenye 4.0. Kwa hivyo ukilazimisha kuingia koleji yenye jina kubwa ukatoka na 2.9 umejimaliza mwenyewe, bora koleji ambayo jirani zako hapo Kisauni hawajawahi kuisikia ukatoka na 3.8. Usidhani ukifeli kemia utarudia ifutike, fomu ya kuombea MD yahesabu gredi zote mbili, ya zamani na ya kurudia, na skuli za DO (hawa pia ni madaktari kamili, na wastani wao wa kuingia huwa chini kidogo) nao waliacha kufuta ya zamani tangu 2017.

Sasa kuchagua. Usikae ukapiga hesabu mwenyewe ati B minus ni pointi 8 kwa 12 kwa hivyo GPA yangu ni 2.67, hakuna kitu kama hicho, kila koleji ina namna yake ya kusoma cheti cha KNEC na nyingine hukwambia ukipitishe kwa WES, shirika la kukagua vyeti vya nje. Chukua jina la koleji, tafuta pamoja na maneno Common Data Set, ripoti ya takwimu ambayo koleji yenyewe huitoa, itakuja PDF ndefu ya kuchosha. Usisome yote. Nenda sehemu ya C7 uone wanajali nini zaidi, gredi, mtihani, insha au barua za walimu, kisha C12 uone wastani wa GPA ya wanaoingia, kisha H6, hiyo ndiyo ya maana kwetu, yaonyesha wanafunzi wa kigeni wangapi walipewa msaada wa pesa na kiasi gani. Kama H6 ni sifuri na babako hana nyumba za kupangisha Nyali, ipite, hata kama picha za bustani zao ni nzuri vipi.

Halafu kuna mtego mmoja nauona kila mahali. Koleji yatangaza asilimia 90 ya wanafunzi wetu wa primedi huingia udaktari. Uliza: asilimia 90 ya kina nani? Maana yawezekana mwaka wa kwanza walianza 200, kemia ikachuja, kemia ya kaboni ikachuja tena, mpaka wa kuomba wakabaki 30, hao ndio wanaohesabiwa. Pia kuna koleji zenye kamati ya kuandika barua ya kukupendekeza, na baadhi hukataa kumwandikia mwenye GPA ya chini ili hesabu yao ibaki nzuri. Kwa mtu aliyeanza na alama za kati koleji ya hivyo ni ya kuogopa. Tafuta ile iliyojengwa kushika mkono wanafunzi, madarasa madogo, mwalimu mwenyewe ndiye yuko maabara, ma-tyuta wa bure jioni. Mfano unaojulikana ni Xavier kule Louisiana, New Orleans, koleji ya watu weusi ambayo miaka mingi imepeleka Wamarekani weusi wengi udaktari, na haichagui wenye A tupu.

Komyuniti koleji nayo ni njia, zachukua karibu kila mtu na karo ni ya chini, wasoma miaka miwili wahamia chuo kikuu. Ila masomo mazito kama kemia ya kaboni yaache uyasomee huko chuo kikuu, baadhi ya skuli za udaktari hazifurahii kuona sayansi zote umezipigia komyuniti.

Sasa lile ambalo ma-ejenti wanaokodi ukumbi wa hoteli hapa town hawakwambii: skuli nyingi za MD hazichukui wageni kabisa, na zinazochukua huchukua wachache, nyingine zataka uonyeshe karo ya miaka yote minne mbele. AAMC, chama cha skuli za MD, wana orodha yao inaitwa MSAR, ndani utaona skuli gani yakubali mgeni. Kwa hivyo chagua digrii ambayo hata udaktari ukikataa utakula nayo, maabara ya tiba, afya ya jamii, uuguzi. Na kama nia ni kurudi kufanya kazi hospitali ya Makadara hapa Mombasa, waulize KMPDC kabla hujalipa senti, maana wao ndio wanaosajili madaktari hapa. Pia usidharau chuo cha tiba cha KMTC cha hapahapa Mombasa, diploma ya clinical medicine miaka mitatu na intanshipu, halafu waendelea na digrii, kuna watu wamefika mbali hivyo huku wengine bado wangojea visa.

Ukibaki na koleji sita saba ziandikie imeili, fupi, bila salamu ndefu za kwetu: wanafunzi wa kigeni wangapi waliomaliza kwenu wameingia udaktari miaka hii mitano, darasa la kemia la mwaka wa kwanza lina watu wangapi, barua ya kamati mwampa nani. Wakikujibu kwa kukutumia broshua tu, hiyo koleji toa.

Na angalia tarehe. KCSE siku hizi yatoka Januari, na koleji nyingi kule hufunga maombi kati ya Novemba na Februari, kwa hivyo aliyengoja matokeo ndio aanze kutafuta tayari amechelewa kwa nyingi, abaki na zile zinazopokea maombi mpaka nafasi zijae, na komyuniti. Ambaye yuko fomu foo sasa hivi aanze na hizo PDF, cheti atakituma kikitoka.