Kubadilisha rektifaya ya pikipiki bila ya kuiunguza mpya

Ukipiga resi usiku, taa ya mbele inang'ara kupita kiasi kisha balbu inaungua. Au betri ya maji inakauka mapema, na ukitoa kava unapokewa na harufu ya yai viza. Au mambo yanakwenda kinyume: asubuhi honi inakoroma, indiketa haziwaki, stata inagonga mara moja na kunyamaza, unarudi kwenye kiki. Mara nyingi dalili zote hizo zinakufikisha kwenye kifaa kimoja, rektifaya, kile kipande cha alumini chenye mapezi kilichofungwa chini ya siti au nyuma ya kava la ubavuni.

Kazi yake ni mbili. Umeme unaotoka kwenye koili za magneti, ile jenereta ndogo ya injini, unageuka mwelekeo kila mara, na betri haiwezi kuupokea hivyo. Rektifaya inaunyoosha uende upande mmoja. Kisha inauzuia usipande kupita kiasi injini inapokwenda mbio. Katika pikipiki zetu nyingi inauzuia kwa kuurudisha umeme wa ziada kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki kilichoungwa na hasi ya betri, kama tangi la maji linalomwaga kwa bomba la juu likijaa. Kazi hiyo inazaa joto, na mapezi yapo ili joto lipate pa kutokea.

Hapa Pemba chumvi ndiyo inayoziua rektifaya kabla ya wakati wake. Kijana anapakia samaki Tumbe alfajiri, barafu inayeyuka njia nzima, maji ya chumvi yanachuruzika chini ya siti mpaka kwenye soketi. Pikipiki inayobeba magunia ya mwani mbichi kutoka pwani za Micheweni inapata yale yale. Soketi ikishika kutu, umeme unapita kwa shida, pini inapata moto, plastiki inayeyuka. Ukichomeka rektifaya mpya kwenye soketi ile ile, umenunua hasara nyengine. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kupima na kwenye soketi. Kufungua bolti mbili hakumshindi mtu.

Tafuta mita ya umeme ya kawaida, ile ya namba, yenye AC (umeme unaogeuka), DC (umeme wa upande mmoja) na omu (ukinzani). Tafuta pia spana namba 8 na 10, bisibisi, msasa, burashi ya waya, koleo, lehemu na chuma cha kulehemu, mpira wa kusinyaa kwa moto, na grisi ya silikoni kidogo. Kama huna mita, azima. Bila ya mita unabahatisha, na rektifaya si kitu cha kubahatisha.

Hatua ya 1: Hesabu waya

Fuata waya zinazotoka kwenye rektifaya. Ukiona waya tatu za manjano pamoja na nyekundu na ya kijani au nyeusi, magneti yako inatoa umeme kwa njia tatu. Ukiona mbili za rangi moja, kwa mfano za manjano mbili, pamoja na ya kwenda betri na ya bodi, ni njia moja kamili. Ukiona nne na kila moja ina rangi yake, kama zile za injini za mfano wa CG125, mara nyingi ni aina ya nusu, ambayo koili yake imefungwa kwenye bodi upande mmoja: waya mmoja unaleta umeme wa kuchaji kutoka kwenye magneti, mmoja unawasha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye magneti, mmoja unakwenda betri, mmoja unashika bodi.

Rangi zinatofautiana kwa kila kampuni, na pikipiki iliyopita kwa mafundi wengi ina waya za kila rangi. Zifuate kwa mkono mpaka zinapoishia.

Hatua ya 2: Pima betri ikiwa imelala

Weka mita kwenye DC, volti 20. Ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, injini imezimwa. Betri nzima iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12.2, ichaji kwanza nje ya pikipiki ndipo uendelee, maana betri iliyokwisha inavuta umeme mwingi na itakupa majibu ya uongo. Ikiwa umeichaji usiku kucha na bado inaanguka chini ya 12 ukiwasha taa tu, tatizo lako ni betri.

Angalia na fyuzi hapo hapo. Pikipiki nyingi ndogo hazihitaji betri ili injini iwake, kwa hiyo fyuzi inaweza kukatika na mtu akaendelea na safari zake za Chake na Wete bila ya habari. Betri ikiwa nje ya mzunguko umeme unarukaruka, balbu zinaungua, na rektifaya inasingiziwa.

Hatua ya 3: Pima ikichaji

Washa injini, mita ibaki kwenye betri. Bila resi, namba itapanda kidogo tu au isipande. Sasa ongeza resi polepole mpaka nusu. Unataka kuona kati ya 13.5 na 14.8, na ikifika hapo isimame hata ukiongeza.

Ikipita 15 na bado inapanda, acha resi mara moja. Umeme hauzuiwi. Ama rektifaya imekufa, ama waya wake wa bodi haushiki. Ikibaki 12 na kitu, au inashuka kadiri injini inavyokwenda, betri haichajiwi. Hapo washukiwa ni rektifaya, koili, soketi au waya. Usiende dukani bado.

Na tafadhali, usipime kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka ili "kuona kama inajitegemea". Mtindo huu nauona sana barazani na unaniumiza roho. Betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiitoa ghafla volti zinaruka, na unaweza kuua rektifaya nzima, na kama pikipiki ni ya injeksheni, ukaua kompyuta yake pia.

Hatua ya 4: Pima bodi na njia ya kwenda betri

Hatua hii inarukwa na wengi, na imeokoa fedha za watu. Injini inawaka, resi ya kati. Weka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyengine kwenye waya wa bodi wa rektifaya, ukiingiza ncha nyuma ya soketi bila ya kuichomoa. Mita isome karibu na sifuri, isizidi 0.2. Fanya vivyo hivyo kati ya chanya ya betri na waya wa rektifaya unaokwenda kwenye chanya. Ukikuta nusu volti au zaidi, kuna kutu mahali. Isafishe, kisha rudi hatua ya 3. Pengine kazi yako imeishia hapo.

Kwenye ile aina ya nusu, waya wa bodi ukikatika rektifaya haina pa kumwagia ziada, na balbu zitaungua hata kama yenyewe ni nzima kabisa.

Hatua ya 5: Pima koili

Zima injini, toa ufunguo, ndipo uchomoe soketi ya rektifaya. Kama taa yako ya mbele inalishwa na magneti, chomoa na balbu yake, la sivyo utaiunguza kwa mkono wako. Peleka mita kwenye AC, volti 200. Washa.

Waya tatu za manjano: pima mbili mbili, upate namba tatu. Zote zifanane, na zote zipande pamoja na resi mpaka makumi ya volti. Moja ikiwa chini sana ya nyengine, koili imeungua sehemu. Waya mbili: pima kati yao. Aina ya nusu: pima kutoka waya wa kuchaji kwenda bodi. Usizishike kwa vidole vitupu injini ikiwa mbio, zinapiga.

Kisha zima, weka mita kwenye omu, pima kutoka koili kwenda bodi ya injini. Kwenye aina ya waya mbili au tatu za manjano mita isionyeshe mguso wowote. Kwenye aina ya nusu mguso upo kwa maumbile yake, usishtuke.

Kama koili inatoa umeme vizuri, soketi na bodi ni safi, na kipimo cha hatua ya 3 bado ni kibaya, sasa una haki ya kusema rektifaya imekufa.

Hatua ya 6: Nunua inayolingana

Nenda na ya zamani mkononi. Kama unaagiza Darajani ije kwa meli mpaka Mkoani, piga picha ya soketi kwa mbele, pini zionekane pamoja na rangi ya waya wa kila pini, na umtumie muuzaji. Zipo rektifaya mbili zinazofanana umbo na soketi, lakini pini zimepangwa vyengine. Ukichomeka bila ya kulinganisha utaiua kabla hujatoka gerejini.

Usiweke rektifaya ya njia kamili kwenye magneti ya nusu. Koili yake imefungwa kwenye bodi upande mmoja, na utakuwa unaifunga kwa njia fupi kila umeme unapogeuka. Itapata moto na kuungua. Ukitaka kubadilisha mfumo, magneti lazima ifunguliwe na koili itolewe kwenye bodi, na hiyo ni kazi nyengine.

Hatua ya 7: Toa, safisha makao

Ufunguo nje, ondoa hasi ya betri kwanza. Fungua bolti, zikishika kutu zitie mafuta ya kulegeza na uzipe muda, usizivunje kichwa. Piga msasa mahali rektifaya inapokaa mpaka chuma king'are. Joto linatokea hapo, na kwa nyengine bodi inashika hapo hapo. Rangi na kutu vinazuia yote mawili. Tope lililojaa kwenye mapezi ni adui pia, hasa baada ya masika.

Hatua ya 8: Soketi

Iangalie kwa mwanga mzuri. Plastiki nyeupe iliyogeuka kahawia karibu na pini moja ina maana pini hiyo ilikuwa inachemka. Unga wa kijani ni kutu ya shaba. Usihangaike kuisafisha iliyofika hapo, ikate.

Ukishaikata, chuna mpira wa waya na utazame shaba. Ikiwa nyeusi, kata tena, sentimita mbili mbili, mpaka ukutane na shaba inayong'ara. Chumvi inatambaa ndani ya mpira mbali kuliko mtu anavyodhani, na lehemu haishiki kwenye shaba nyeusi. Ukipungukiwa na urefu, unga waya mpya wa unene ule ule au mnene zaidi. Bana pini kwa koleo, tia lehemu kidogo, vuta kwa nguvu uone kama inatoka, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa. Kuzungusha waya kwa vidole na kuziba kwa nailoni hakutoshi hapa kisiwani.

Tia grisi ya silikoni ndani ya soketi, chomeka mpaka isikike imeshika. Ielekeze mdomo chini, na waya uupinde ushuke kabla ya kupanda kwenye soketi, maji yadondoke pale kwenye pindo.

Hatua ya 9: Funga na upime tena

Kaza bolti, rudisha betri, hasi iwe ya mwisho. Rudia hatua ya 3 na ya 4, mara hii taa zikiwa zimewashwa. Endesha robo saa, simama, gusa soketi. Rektifaya yenyewe itakuwa na moto, hiyo ni kawaida. Soketi ikiwa na moto wa kuunguza, kuna pini haijashika na lazima uifungue tena.

Betri iliyovimba tumbo kwa kuchajiwa kupita kiasi usiirudishe, hata kama bado inawasha taa. Na anayebeba samaki au mwani akate kipande cha mpira wa tairi la ndani, akifunge chini ya siti kifunike soketi, kiachwe wazi upande wa mapezi upepo upite.