Sanduku la kijiji kuanzia Mei hadi Aprili: kazi na pesa ya komite kandokando ya Lubumbashi

Komite nyingi za vijiji vinavyozunguka Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kuanzia barabara ya Kipushi hadi ile ya Kasenga, hufungua mwaka wao Januari kwa sababu serikali nayo hufungua Januari. Hapo ndipo sanduku huanza kukonda. Januari mahindi bado yamesimama shambani, unga wa bukari (ugali) unanunuliwa meka kwa meka (kopo la kupimia), na kila nyumba ina deni. Ukipita kukusanya mchango wakati huo utarudi na ahadi tu. Pesa huonekana Mei, Juni na Julai, mahindi yakishavunwa na njia zikiwa kavu kiasi cha makala (mkaa) kufika mjini bila shida. Gharama nazo huja Novemba hadi Februari: bati la shule limeng'oka, pampu imekwama, daraja la miti limekwenda na maji.

Fungueni mwaka wa komite tarehe 1 Mei, mfunge 30 Aprili. Daftari la kijiji si hesabu ya serikali, hakuna anayewalazimisha kufuata kalenda yake. Mtaifuata kwa jambo moja tu, ombi la kwenda sheferi (eneo la utawala la chifu), nalo tutalifikia.

Mchango, si kodi

Sheria ya 7 Oktoba 2008 inazitaja entite (ngazi za utawala wa mahali) zenye mamlaka na bajeti yake: mji, komine, sekta na sheferi. Kijiji hakimo. Maana yake kwa komite ni hii: hamna haki ya kutoza kodi wala faini, wala kuweka baria (kizuizi) njiani na kudai franka kwa kila gunia la makala linalopita kwa baiskeli. Baria ya namna hiyo huleta pesa wiki mbili, kisha huleta askari, na anayelala ndani ni yule kijana mliyempa kamba aishike.

Mnachoweza kuomba ni mchango uliokubaliwa na mkutano wa wote. Kwa hiyo andikeni uamuzi: tarehe, idadi ya waliohudhuria, kiasi, kazi itakayofanywa, sahihi au dole gumba la kila mkuu wa kaya. Kwenye risiti liandikwe neno "mchango" na kazi yake, kwa mfano "mchango wa pampu". Neno "kodi" lisionekane popote.

Kwa sababu hiyo hiyo benki haitawafungulia akaunti kwa jina la kijiji. Mkitaka akaunti, jiandikisheni kama shirika lisilo la faida chini ya sheria ya 20 Julai 2001. Ni safari ndefu ya karatasi, na kwa kijiji cha kaya 100 hivi tungeshauri msianze nayo. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu linatosha. Funguo zikae kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja, angalau mmoja awe mama, na sanduku lenyewe likae nyumba ya nne. Mfumu (mkuu wa kijiji) asishike ufunguo. Si kwamba haaminiki. Ni kwamba hakuna atakayethubutu kumwambia hapana usiku akija kukopa.

M-Pesa au Airtel Money zinafaa kwa pesa inayozidi mahitaji ya mwezi, lakini laini husajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Akifa, akihama au akipoteza simu, pesa imekwama naye. Mtu mmoja akae na simu, mwingine ajue namba ya siri, na salio lisomwe mbele ya komite kila mwisho wa mwezi.

Mei na Juni: kupanga na kukusanya

Bajeti ipangwe kwa wale wanaolipa kweli. Hesabu ya jumla ya kaya itawadanganya. Chukua kijiji cha kaya 120. Mkutano umekubali franka 10.000 na kilo 10 za mahindi kwa mwaka, pamoja na franka 1.000 kwa mwezi za pampu. Wa mwaka hesabuni kaya 80, wa pampu hesabuni 70, wakizidi, mfurahi.

Pesa ya mwaka: 80 × 10.000 = 800.000. Pampu: 70 × 1.000 × 12 = 840.000. Jumla franka 1.640.000, na kilo 800 za mahindi. Gawanyeni hivi: pampu 600.000, choo cha shule 450.000, safari na karatasi 160.000, wageni 80.000, akiba 350.000. Bei za kwenu zitakuwa nyingine. Mpango ndio wa kuangalia.

Mstari wa wageni huwakera walimu na watu wa dini, lakini uacheni. Mgeni wa serikali akifika kwa mfumu atapewa kuku na kinywaji, mtake msitake. Gharama isipokuwa na mstari wake itajificha ndani ya mstari wa pampu, na mwaka ujao hamtajua pampu inakula kiasi gani.

Mahindi yasiuzwe Juni. Kila mtu anauza Juni, bei iko chini. Yahifadhiwe hadi Januari au Februari. Kabla ya kuyapokea yapimeni ukavu kwa chumvi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka punje hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa juani, funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, unyevu umepita 15%, yarudishwe juani. Msipokee kwa kuoneana haya, maana mahindi mabichi ya nyumba moja huotesha ukungu kwenye ya wengine. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na yapimwe kila mwezi. Gunia la kilo 50 likizidi kukauka hupungua kilo moja, pengine mbili. Likipungua kilo nane, ni fukusi au ni mkono wa mtu.

Daftari

Daftari moja, kurasa zimepewa namba kabla ya kuandikwa chochote, kalamu ya wino. Kosa halifutwi, linapigwa mstari mmoja na kuandikwa upya chini yake. Safu ni hizi: tarehe, namba ya karatasi (risiti), maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio. Mfano, salio likiwa 272.000:

12/6 – karatasi 31 – mchango wa mwaka, kaya 14 – iliyoingia 140.000 – salio 412.000
14/6 – karatasi 32 – sili 2 za pampu – iliyotoka 26.000 – salio 386.000
14/6 – karatasi 33 – nauli kwenda soko la Kenya (komine ya Lubumbashi) na kurudi – iliyotoka 12.000 – salio 374.000

Angalia mistari miwili ya mwisho. Mtunza sanduku aliyechoka angeandika "pampu 38.000" akamaliza. Miezi mitatu baadaye hakuna atakayekumbuka nauli ilikuwa ngapi, na hapo ndipo nauli ya 12.000 inakuwa 20.000 bila mtu kuona.

Dola iwe na kurasa zake. Msigeuze dola kuwa franka kwenye daftari huku noti bado iko sandukuni, kwa sababu bei hubadilika na hesabu haitafungana tena. Siku mnapobadilisha kwa kambisti (mbadilisha pesa), andikeni mara mbili kwa namba moja ya karatasi, kwa mfano: dola 50 zimetoka huku, franka 125.000 zimeingia kule, na bei ya siku hiyo, 2.500. Kabla ya kupokea noti ya dola ishikeni juani, mpitishe kidole pembeni. Noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha, au iliyoandikwa kwa kalamu, mjini itakataliwa au itapunguzwa, na hasara itakuwa ya kijiji.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya salongo (kazi ya pamoja ya kijiji) watu wakiwa bado wamekusanyika, fungueni sanduku hadharani. Asiyeshika daftari ahesabu noti kwa sauti, kisha mwandishi asome salio, kwa mfuatano huo. Salio likisomwa kwanza, noti zitahesabiwa mpaka zilingane nalo.

Julai hadi Septemba

Huu ndio wakati wa kazi, na pesa ihame kutoka sandukuni kuwa vitu. Mabati, misumari na vipuri vya pampu vinunuliwe Julai. Haviozi na wala haviazimwi. Simenti iwe ya mwisho, wiki ileile ya kujenga. Mfuko wa kilo 50 ulionunuliwa Julai ukakaa hadi mvua hugeuka jiwe, hasa ukilazwa chini sakafuni.

Matofali yafyatuliwe mapema Mei au Juni, maji yakiwa bado karibu. Udongo wa kichuguu ndio mzuri, na kwetu vichuguu havikosekani. Salongo ya Juni ifyeke pia njia ya moto kuzunguka shule na ghala, mita tano au zaidi, nyasi zitolewe hadi udongo uonekane. Mkisubiri Agosti moto wa porini utakuwa umeshafika.

Pampu ya mkono kama Afridev hubadilishwa sili (mpira wa kuzuia maji) na beringi mara moja kwa mwaka, iwe imeharibika au la. Katikati ya mwaka kuna kipimo kisicho na gharama: mlinzi wa pampu ahesabu kila Jumatatu ni mikono mingapi (mipigo ya mpini) inajaza bidoni (dumu) la lita 20. Ikiwa kawaida ni 50 na sasa ni 70, sili imelika. Ikiwa asubuhi maji huchelewa sana kutoka lakini mchana ni sawa, valvu ya chini inavuja usiku. Mpini ukicheza kushoto na kulia, ni beringi.

Ombi la kwenda sheferi

Kodi ya mineni (migodi), ile inayoitwa redevansi, inagawanywa na Sheria ya Mineni (Code minier) ya 2018 hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% entite ya mahali, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15% inakwenda sheferi, sekta au komine ambamo mgodi uko. Haiji kijijini kama pesa, inakuja kama kazi: darasa, kisima, kituo cha afya. Kando yake kuna 0,3% ya mauzo ya mwaka ambayo kampuni hutoa kwa maendeleo ya wenyeji, nayo ina komite yake tofauti. Msichanganye mifuko hiyo miwili katika barua moja. Kila ofisi itawatuma kwa nyingine.

Bajeti ya sheferi inafuata kalenda, 1 Januari hadi 31 Desemba, na hupangwa kabla ya mwaka kuanza. Ombi lenu lifike Agosti. Ombi moja, kazi moja. Liambatane na uamuzi wa mkutano, mchoro hata wa mkono wenye vipimo, bei kutoka maduka mawili, na mchango wa kijiji uliokwisha kuwepo: matofali mangapi yamechomwa, mchanga umefika, kiwanja mfumu amekitoa kwa maandishi. Rundo la matofali lililopigwa picha lina nguvu kuliko kurasa tatu za malalamiko.

Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki, ya pili irudi na muhuri, tarehe, namba na sahihi ya aliyepokea. Bila hiyo nakala, Desemba mtaambiwa barua haikufika na hamtakuwa na la kujibu.

Mvua

Kuanzia Novemba hakuna mradi mpya. Akiba ya 350.000 inasubiri ajali, na itolewe kwa sahihi za wenye funguo wote watatu. Msikopeshe. Kuna komite zinazogeuza sanduku kuwa likelemba (upatu) wakati huu ili "pesa izae". Februari ni mwezi wa njaa, hakuna anayerudisha. Mahindi yauzwe kwa wanakijiji kwanza, kwa pesa taslimu, kwa bei ya chini kidogo kuliko ya soko, na bei hiyo itangazwe kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa.

Aprili

Wiki ya mwisho wakaguzi wawili ambao hawakuwa kwenye komite wachukue daftari na rundo la karatasi, waanze namba 1. Kila namba isiyo na karatasi iandikwe. Kisha waende kuona vitu: sili za pampu za akiba, mabati yaliyobaki, koleo, magunia matupu. Mkutano usomewe ukurasa mmoja tu: iliyoingia, iliyotoka kwa kila mstari, iliyobaki, vitu vilivyobaki, na madeni ya kijiji kwa majina na kiasi. Komite mpya isaini chini ya ya zamani kwenye daftari lilelile, kufuli zibadilishwe siku hiyohiyo, na namba ya siri ya simu ya pesa pia.