Taa ya upepo wa tairi: mambo ya kuangalia kabla hujashuka mteremko wa Kitonga

Alfajiri ya mwezi wa sita pale Mbeya usukani unauma mikono kwa baridi. Unawasha gari la safari ya Dar, na hata Uyole hujafika, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi: mfano wa herufi U iliyobinywa juu, na alama ya mshangao katikati. Wengi huidharau, maana jana walijaza upepo. Kweli walijaza, ila saa nane mchana, kwenye nyuzi 24. Alfajiri zimebaki 7. Kila nyuzi 10 zinaposhuka, tairi ya gari dogo hupoteza kama PSI 1.5 (PSI ndiyo kipimo cha upepo kwenye geji), kwa hiyo 32 ya jana leo ni 29 na nusu. Kama mlijaza tairi zikiwa bado na moto wa kuzunguka mjini, ni chini ya hapo, na kwa gari ambalo taa yake huwahi kuwaka, inatosha.

Kwa hiyo pima asubuhi, tairi zikiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Kipimo cha gari lako kipo kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva. Ile namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, na nimeona watu wazima wakijaza kwa kuifuata.

Halafu jua gari lako lina mfumo gani, au kama linao kabisa. Magari mengi tunayoagiza Japani yakiwa yametumika hayana. Washa swichi bila kupiga stata: taa ikijitokeza sekunde chache kisha ikazima, mfumo upo. Zipo aina mbili. Ya kwanza haipimi upepo wenyewe. Inatumia vihisi vya breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu kujifunga) kuhesabu mizunguko ya magurudumu, kwa sababu tairi iliyopungua upepo huwa fupi kidogo, ikalazimika kuzunguka haraka kuliko wenzake. Udhaifu wake uko wazi: tairi zote nne zikipungua sawasawa, haioni kitu. Na kila ukijaza upepo lazima uiseti upya, la sivyo inalinganisha na hesabu za zamani.

Aina ya pili ndiyo ya redio. Ndani ya rimu, kwenye mguu wa vali, kuna sensa ndogo yenye betri. Gari likitembea inaamka, inapima upepo na joto, kisha inarusha taarifa pamoja na namba yake ya utambulisho, ili gari lisichukue taarifa za tairi za jirani mliyepaki naye. Betri hudumu miaka 5 hadi 10 na imezibwa humo humo. Ikifa unabadili sensa nzima. Ukinunua, uliza masafa ya redio yake: za Japani na Marekani kwa kawaida ni megahezi 315, za Ulaya 433. Ukikosea hapo, gari na sensa havitasikilizana hata fundi akeshe.

Mimi nilijifunza habari ya sensa kwa hasara. Kijana wa pancha aliingiza chuma cha kubandulia tairi karibu kabisa na vali, nikasikia "ta!", akaniambia, "Mkuu, hicho ni kiplastiki tu." Hicho kiplastiki ndicho kilikuwa sensa. Tangu siku hiyo namwambia fundi mapema, kabla hajashika chuma: aanzie mbali na vali, na asimwage dawa ya maji ya kuziba pancha, inaweza kuziba tundu la sensa. Kifuniko cha vali kiwe cha plastiki, maana cha chuma hushikana na vali kwa kutu.

Taa ikimetameta kama dakika moja kisha ikatulia ikiwaka, mfumo wenyewe ni mbovu. Ikiwaka moja kwa moja, ni upepo. Lakini kwenye magari mengine taa huchelewa. Sheria ya Marekani, iliyofikia magari madogo yote mapya mwaka 2007, inadai iwake upepo unapopungua asilimia 25. Yaani gari linaruhusiwa kunyamaza mpaka 32 ifike 24! Ukiwa na 26, watu watano na magunia mawili ya viazi, dashibodi inaweza kuwa kimya huku tairi ikijikunja na kuchemka kila mzunguko.

Mwinuko usikusumbue. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Ukifika pwani hewa nzito ya nje hushusha usomaji wa geji, ila joto la huko huurudisha karibu palepale.

Spea nayo ipime, kwa kuwa kwa kawaida haina sensa.

Ukishamaliza Kitonga, ukasimama Ruaha Mbuyuni, geji inaweza kusoma 37. Ni joto la mwendo na la breki. Usitoe upepo, tairi zikipoa utabaki na pungufu. Nunua vitunguu, uziache kama zilivyo.