Vifuniko vya soda na trei ya mayai: michezo ya kumzoeza mtoto hesabu za kichwa

Mtoto wa gredi ya 2 akiulizwa 8 + 5, mara nyingi hunyanyua vidole na kuanza moja, mbili, tatu. Ukimpa vifuniko vya soda ahesabu, umembadilishia vidole tu. Vifuniko vinaanza kumsaidia pale unapovifunika, ikabidi avione kichwani. Michezo yote hapa inategemea huko kuficha.

Tafuta trei mbili za mayai, kila moja ya mashimo 30. Hapa Kisumu muuza mayai ya kuchemsha atakupa zilizochakaa bila maneno. Chagua zisizo na madoa ya yai wala kinyesi cha kuku, zianike juani siku nzima, na watoto wanawe mikono wakimaliza kucheza. Kusanya vifuniko 30 vya chuma, vioshe kwa maji moto na sabuni, na utupe vilivyopinda meno kwa sababu hukata vidole. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani, vihesabu kila mnapomaliza; kifuniko kimoja kinatosha kumkaba. Njugu pia zinafaa, ila hazifiki mwisho wa mchezo.

Kata trei moja kwa makasi upate vipande vya safu mbili, kila safu mashimo matano. Trei moja hutoa vipande 3. Kila kipande ni kumi.

Jaza safu ya juu kwanza, daima. Saba itakuwa safu nzima na viwili chini, matatu yakiwa wazi. Mwonyeshe kwa sekunde mbili hivi, kisha funika kwa leso. Uliza: "Vilikuwa vingapi? Mashimo mangapi yalikuwa wazi?" Ukimwachia sekunde kumi atahesabu kimoja kimoja, na hapo mchezo umeharibika. Ukivitawanya ovyo pia atahesabu tu, maana hakuna umbo la kushika.

Akizoea, leta vipande viwili: 8 huku, 5 kule. Ahamishe viwili vijaze kumi, abaki na vitatu: 13. Baada ya mara nne au tano, funika vyote na umwache aeleze kwa mdomo ni vingapi vingehama. Akijibu 12, usikimbilie kusema hajui. Huwa ameanza kuhesabu kwenye nane yenyewe: nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Weka kiganja chako juu ya vile vinane, useme "nane", na kidole chake kianzie kifuniko kinachofuata: "tisa".

Kutoa ni mchezo wa kuficha mkononi. Chukua vifuniko 10, geuka, ficha kadhaa mkononi na uache vingine mezani. Aangalie vilivyobaki aseme vilivyofichwa. Mbadilishane zamu, na akificha yeye, kosea makusudi mara moja uone kama atakushika.

Kwenye kuzidisha ndipo wengi huchoka, kwa sababu jedwali la hadi 10 lina majibu 100. Lakini panga safu 4 za vifuniko 6 kwenye ile trei ambayo hukuikata, kisha izungushe robo: sasa ni safu 6 za vifuniko 4, na hakuna kilichoongezeka. Kwa hiyo 4 × 6 na 6 × 4 ni kitu kimoja, na majibu 100 yanashuka hadi 55. Ondoa ya 1, 2, 5 na 10, ambayo watoto huyashika mapema. Yanabaki 21. Kifuniko cha chuma cha soda nacho kina meno 21, mwache ayahesabu.

Kwa hayo 21 trei haitoshi. Kila jibu liwe na mstatili wake. Kwa 7 × 8, chora kwenye daftari la miraba mstatili wa safu 7 zenye miraba 8, uukate, kisha ukunje baada ya safu ya tano. Upande mmoja ni 5 × 8, yaani 40. Mwingine ni 2 × 8, yaani 16. Jumla 56. Mkunjo huo ndio atakaoukumbuka jibu likimpotea.

Kisha kadi. Kwenye manila kata kadi 24, namba 3, 4, 6, 7, 8 na 9, kila moja mara nne. Mchezaji hufunua mbili na kutaja jibu la kuzizidisha. Akipata anazichukua, akikosa, anakunja mstatili wa jibu hilo, na kadi zinarudi chini. Usitumie dadu hapa. Dadu hazina 7, 8 wala 9, na katika njia 36 za kuanguka kwa dadu mbili, 11 zina angalau 1 moja. Mtoto atashinda jioni nzima bila kugusa yaliyo magumu. Ajua, mchezo wa kuhamisha kete kwenye mashimo ya ubao, nayo ni nzuri kwa kuhesabu na kupanga mbele, lakini 7 × 8 haimo ndani yake.

Dakika 10 zinatosha. Usipime nani ana haraka: mwenye pole ataanza kubahatisha, na kaka mkubwa atapayuka majibu ya wote. Huyo mkubwa mpe kadi tatu azizidishe kwa pamoja.

Jibu likitoka papo hapo siku mbili tofauti bila kugusa mstatili, weka mstatili huo kando. Urudishe baada ya wiki moja, ukiwa umekunjwa.