Santuri za baba kwenye kompyuta: anza na kitambaa, si na waya

Baba alikuwa karani wa stesheni hapa Dodoma, na muziki wake aliufuata kwenye reli: bendi ya Morogoro Jazz upande mmoja, ya Tabora Jazz upande wa pili. Alituachia sanduku la bati lenye santuri 63, nyingi zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizochapwa Nairobi. Nimezihamishia kwenye kompyuta moja moja, jioni baada ya kazi. Kumi na moja za mwanzo ilibidi nizirudie zote, na moja nimeiua kabisa. Nitaeleza.

Watu wakiniuliza, huanza na programu. Mimi huanza na vumbi. Kiangazi cha kwetu, upepo ukivuma na hewa ikiwa kavu, santuri ukiitoa tu kwenye kava inashika umeme tuli na kuvuta vumbi lote la chumbani. Vumbi hilo ndilo unalolisikia likitatarika. Kwa hiyo napiga deki kwanza, nafunga madirisha, ndipo naosha.

Msioshe kwa maji ya bomba. Maji yetu yana chumvi. Yakikauka yanaacha ukoko mweupe ndani ya mifereji, na sindano inaukwangua. Nanunua maji ya betri, yale masafi ya kuongezea, siyo asidi (someni lebo vizuri!), naweka tone moja la sabuni ya vyombo, halafu napitisha brashi laini kwa kufuata mzunguko wa mifereji, nisilowanishe lebo ya katikati. Nasuuza kwa maji hayo hayo bila sabuni. Kisha nazisimamisha kwenye kichanja cha vyombo, kivulini. Jua la saa saba mchana linaikunja santuri kama chapati.

Ile niliyoiua ilikuwa ya mizunguko 78, nzito, ya aina inayovunjika kama sahani. Niliifuta kwa spiriti, nikijua ndiyo dawa ya kila uchafu. Kitambaa kilirudi cheusi. Santuri hizo zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huiyeyusha shelaki. Zifuteni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, mzikaushe mara moja. Tena zinahitaji sindano yake, nene karibu mara nne kuliko ya santuri za plastiki. Ukitumia ile nyembamba inazama chini kabisa ya mfereji na kuleta mikwaruzo mitupu.

Kwenye mkono wa pleya ya baba kulikuwa na sumuni imebandikwa kwa selotepu ili sindano isiruke. Niliitoa siku ile ile. Uzito wa ziada unachimba mifereji, na kichwa cha kisasa, kile kinachobeba sindano, kinataka gramu 2 hivi basi. Sindano ikiwa imechakaa, nunua nyingine kabla ya kununua kitu kingine chochote. Hakuna programu itakayorudisha sauti ambayo sindano haikuiokota. Mkanda wa mpira unaozungusha sahani ya pleya nao hulegea kwa joto. Kuupima ni rahisi: bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, weka mizunguko 45, uhesabu karatasi inapita mara ngapi kwa dakika nzima. Nilipata 43, ndiyo maana waimbaji wote walikuwa kama wana usingizi. Fundi redio wa Majengo alinitafutia mkanda mwingine. Yeye ndiye pia aliyenichongea kizibo cha lile tundu kubwa la katikati ya santuri za 45 kutoka soli ya kandambili. Kikae katikati sawasawa, la sivyo sauti inayumba.

Sasa waya. Hapa ndipo nilipopotezea zile kumi na moja. Sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, halafu santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa hiyo lazima ipite kwenye kifaa kinachoirudisha sawa. Amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO, yaani la pleya ya santuri, inafanya kazi hiyo. Kisha unachukua sauti kwenye matundu yake ya kurekodia kaseti. Mimi nilichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Nikapata upande mmoja tu wa sauti, tena uliopasuka. Tafuteni kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili, jekundu na jeupe. Mkisikia mngurumo wa umeme, fungeni waya wa ardhi wa pleya kwenye amplifaya na mchomoe chaja, kompyuta iendeshwe na betri yake.

Kurekodi natumia programu ya Audacity, ni ya bure. Kwenye kipimo chake, sauti kali kuliko zote isizidi -6 dB. Ikigonga sifuri imeharibika, anza upya. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, ukate baadaye. Kuondoa milio ya vumbi naruhusu kidogo tu. Mara ya kwanza nilisafisha mpaka matoazi yakapotea, mama akaniuliza kama mpiga ngoma alikuwa anaumwa.

Jambo moja bado tunabishana naye. Nyimbo nyingi za 45 zimekatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Mimi naziunganisha. Mama anasema pale pa kugeuza ndipo baba alipokuwa akiomba chai, kwa hiyo nimemwekea nakala yake isiyounganishwa.

Nakala kuu naihifadhi kama faili la sauti la aina ya FLAC, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. WAV, faili lisilobanwa, hula karibu MB 10 kwa dakika, FLAC kama nusu yake, bila kupoteza kitu. MP3 ni za kuwatumia shangazi zangu Kondoa na Mpwapwa kwa WhatsApp. Santuri zenyewe zimerudi ndani ya sanduku, zimesimama wima, na sanduku limehama kutoka chumba cha magharibi, kinachopigwa na jua la alasiri.