Kabla hujamwacha mzee wako mikononi mwa watu, kagua haya

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake mpaka nilipostaafu, na sasa naishi Mikindani, Mtwara. Kila mwenye mama aliyepooza, au baba aliyeanza kupotea njia ya kwake, hunitumia ujumbe: "Shangazi, kuna mahali wanapokea wazee, hebu katuangalizie." Huwa naenda, ila siwezi kumwendea kila mtu. Basi ninachokitazama ndicho hiki, mkatazame wenyewe.

Baadhi ya makao ya wazee nchini ni ya serikali, yaliyowekwa kwa wazee wasio na ndugu wa kuwatunza, na mengine yako chini ya mashirika ya dini. Nyumba za kulipia ni chache. Huku Kusini wengi bado humlipa dada au kijana akae na mzee nyumbani, watoto wakiwa Dar es Salaam. Ukaguzi wake ni uleule, kitanda kiwe kwenye makao au kwenye chumba cha uani kule Newala. Marekani serikali huzipa nyumba za wazee nyota, kuanzia 1 hadi 5, tangu 2008, na mtu husoma matokeo kwenye simu. Sisi hatuna orodha ya namna hiyo. Macho yako na pua yako ndiyo yatakayotoa nyota.

Saa ya kwenda

Usiende Jumamosi alasiri baada ya kupiga simu. Utakuta sakafu imepigwa deki, wazee wamevalishwa kanga mpya na wamepangwa barazani kama wageni wa harusi. Nenda saa ya chakula cha mchana, siku ya kazi, bila taarifa. Kisha rudi siku nyingine baada ya Isha, maana mzee hateseki sana mchana wakati watu wamejaa. Anateseka saa tisa usiku, anapohitaji kwenda haja na hakuna wa kumshika mkono. Uliza: usiku wanabaki wahudumu wangapi, na wanaolala ni wangapi? Hayo ni maswali mawili tofauti.

Ukiweza, nenda pia msimu wa korosho, kati ya Oktoba na Desemba. Mikorosho ikianza kudondosha, kila mwenye shamba anataka kuwa shambani kwake, wahudumu wakiwemo. Ndipo utajua kama mahali pale pana watu wa kuziba pengo, au mpishi ndiye anageuka kuwa muuguzi.

Ukiambiwa "subiri kidogo, bibi anaogeshwa," furahi. Hiyo ni heshima. Ukiambiwa ndugu haruhusiwi kufika chumbani siku yoyote, saa yoyote, ondoka na mzee wako.

Harufu nayo ina mambo. Mkojo kunuka kidogo asubuhi ni jambo la kawaida penye watu wazima wanaovaa nepi. Mkojo ulioingia kwenye godoro na ukuta ni jambo jingine. Mimi hushtuka vilevile nikikuta nyumba nzima inawasha pua kwa dawa ya kusafishia, maana najiuliza kumefichwa nini.

Mwili ndio unaosema

Sasa tufike penyewe. Msimamizi atakuonyesha ofisi, bustani na cheti ukutani. Vipokee kwa adabu, halafu omba kuwasalimia wazee. Usimfunue mtu asiye wako, lakini vinavyoonekana vitazame: kucha, midomo, macho yenye tongotongo, ndevu, miwani. Miwani iko usoni au kwenye droo? Mzee akinyimwa miwani yake siku nzima, baadaye watakwambia amechanganyikiwa.

Mzee wako akishaanza kukaa pale, kagua ngozi yake mwenyewe, au mtume binti wa familia akague. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani kwa kawaida anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Asipogeuzwa, nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu na kufa. Sehemu za kutazama ni visigino, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo pale juu ya makalio, viwiko na kisogo. Maelekezo mengi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huwezi kuuona, na ndiyo maana vidonda vyetu hugunduliwa vikiwa vimeshafunguka. Tumia mgongo wa mkono wako: je, pale pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva sana? Pameingia weusi wa zambarau? Hizo ni dalili za kidonda kabla hakijatoka.

Ukiona hivyo, usipakandekande na mafuta ya nazi. Najua ndivyo bibi zetu walivyofanya, lakini nyama ile imeshajeruhiwa, na kuisugua kunaiongezea jeraha. Dawa ya kwanza ni kuondoa uzito pale. Kwa visigino, mto uwekwe chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vibaki hewani visiguse godoro. Muulize mhudumu, "Bibi aligeuzwa saa ngapi?" Anayegeuza kweli atakujibu bila kufikiri, au atakuonyesha daftari. Daftari lililojazwa siku nzima kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, tena bila kosa hata moja, mimi silisadiki.

Maji. Uzeeni kiu hupungua, kwa hiyo mtu anaweza kukaukiwa bila kuomba chochote, na joto la Mtwara mnalijua. Tazama kikombe kiko wapi. Mgonjwa wa kiharusi akiwekewa kikombe upande uliopooza, hajawekewa. Nimekuta pia wahudumu wanaopunguza maji makusudi ili nepi isilowe haraka. Usipime kwa kufinya ngozi ya mkono, maana ya mzee imeshalegea. Mtazame ulimi, na uulize rangi ya mkojo. Na mzee akianza ghafla kuropoka au kutowatambua watu, asiambiwe ni uzee wala ni majini kabla hajapimwa. Huenda amekaukiwa maji, ana maambukizi ya mkojo, malaria, au sukari imeshuka.

Kama ana mpira wa mkojo, mfuko uwe chini kuliko kibofu na usilale sakafuni.

Saa ya chakula, kaa utazame mpaka mwisho. Mlishaji ameketi, au amesimama anachomeka vijiko huku anazungumza na simu? Mzee lazima aketi wima wakati wa kula na abaki hivyo nusu saa hivi baada ya kula. Akikohoa kila anapomeza, chakula au maji huenda vinaingia njia ya hewa, na hapo anahitaji kuonwa na mtaalamu, siyo kukemewa. Chakula kiwe anachokijua. Aliyekulia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi akiletewa makaroni kila jioni atasema ameshiba. Uliza kama wanapima uzito kila mwezi. Mama wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya mwezi mmoja, hilo ni jambo la daktari.

Jambo moja ambalo watu wa mjini hulisahau: mtu anayepoteza kumbukumbu mara nyingi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Nimemwona bibi aliyeandikwa "haongei", kumbe alikuwa anaomba choo kwa Kimakonde na wahudumu wote walikuwa wageni. Hakikisha zamu zote zina mtu wa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, kulingana na mzee wako.

Dawa na usiku wa dharura

Kila mzee awe na chati yake: dawa gani, saa ngapi, nani ametoa. Uliza dawa za presha na sukari zilizopo zinatosha wiki ngapi. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja kwetu ilikatika upande wa Somanga, na aliyekuwa akitegemea kifurushi cha basi alikwama. Uliza pia gari la usiku lipo, na wanakimbilia hospitali gani: Ligula, Ndanda, Nyangao, Sokoine pale Lindi? Msimamizi asiyejua jibu hajawahi kujiandaa.

Ukikuta wazee karibu wote wanasinzia saa nne asubuhi, uliza nani anapewa dawa za usingizi na ni daktari gani aliyeziandika. Na ukimkuta mtu amefungwa kitambaa kitandani "asianguke", usikubali hilo jibu. Kuanguka kunazuiwa kwa kitanda kilicho karibu na sakafu, taa ya usiku, viatu visivyoteleza na kumpeleka mtu chooni kabla hajajitosa mwenyewe.

Watu

Zungumza na mfanya usafi na mpishi, siyo msimamizi peke yake. Waulize wamekaa pale muda gani na kama mshahara unatoka kwa wakati. Asiyelipwa ataondoka, na kila anayeondoka anaondoka na habari za mzee wako. Sikiliza wanavyowaita wazee. "Bibi, naomba nikugeuze" na "Wewe, geuka" ni nyumba mbili tofauti.

Kabla ya kusaini, andikeni ada inahusu nini: nepi, dawa, nauli ya hospitali. Andikeni pia nani anapigiwa simu kwanza. Kwetu upande wa mama ndio wenye neno, kwa hiyo mjomba ashirikishwe mapema, asije akasikia habari msibani. Atakayesema mmemtupa mama, mpeni zamu ya kumtembelea.

Ukiona kasoro, anza na msimamizi, andika tarehe na ulichokiona, piga picha ya kidonda kama mzee ameridhia. Kidonda kilichofunguka kipelekwe hospitali siku hiyohiyo. Msimamizi akipuuza, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kama kuna alama za kipigo, nenda polisi uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, na mzee asilale pale usiku huo.